Makuti ya kuonyesha nyota

Nimeingia ndani sasa hivi, vidole vimekufa ganzi. Philadelphia mwezi wa kumi si Kilifi. Watoto wamelala na soksi zao, mdogo ana makombo ya mkate shavuni na sikuthubutu kuyafuta nisije nikamwamsha. Huko nje kibanda chetu cha Sukkot, sikukuu ya Kiyahudi ya vibanda, kimesimama, kimeinama kidogo upande wa jikoni, na paa lake la mabua ya mahindi linachakarika kila upepo ukipita.

Mume wangu ndiye Myahudi. Mimi nilizaliwa Kilifi, nikabatizwa mchanga, na tulipooana tulikubaliana watoto walelewe Kiyahudi. Sinagogi letu ni la Reform, tawi la dini ya Kiyahudi ambalo wafuasi wake hapa Marekani tangu 1983 wanamtambua kuwa Myahudi hata mtoto ambaye ni baba peke yake aliye Myahudi, mradi alelewe hivyo. Hilo la kulelewa hivyo, kwa sehemu kubwa, limeniangukia mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayewalaza.

Kila mwezi huja kwa posta kitabu chenye jina la binti yangu, miaka 5, na kingine cha mdogo wake, miaka 2. Vinatoka PJ Library, mpango ulioanzishwa 2005 kule Massachusetts na Harold Grinspoon, unaowapelekea watoto vitabu vya Kiyahudi nyumbani bure. Hizo herufi mbili ni kifupi cha pajamas, nguo za kulalia: vitabu vya kusomewa ukishaoga, uko kitandani. Vinakuja kwa Kiingereza. Mimi nawasomea kwa Kiswahili, natafsiri hapo hapo huku kidole kikifuata picha, maana niliapa Kiswahili hakitanifia katika nyumba hii. Nilitarajia kukwama kila ukurasa. Sikukwama.

Nakumbuka kitabu cha kwanza cha Shabbat, yaani Sabato. Picha ya kwanza ilikuwa ya mama anayewasha mishumaa Ijumaa jioni, amefunika macho kwa viganja. Mama mkwe alikuwa ameketi nasi. Akaanza kunieleza taratibu, asije akanichanganya, kwamba kwao siku huingia jua likizama, ndiyo maana Jumamosi yao huanza Ijumaa magharibi. Nikamwambia, mama, hata kwetu pwani ni hivyo. Mtu akisema usiku wa Ijumaa, wazee wanaelewa ule usiku unaofuata mchana wa Alhamisi. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Tangu siku ile ameacha kunieleza mambo kama mgeni, ananiuliza kwanza kwetu tunasemaje.

Na kweli kila nikigeuza ukurasa nakuta neno langu limeshafika. Shofar, pembe ya kondoo dume inayopulizwa Mwaka Mpya wao, ni baragumu. Dreidel ya Hanukkah, sikukuu yao ya taa, ni pia, basi, pia ile ile aliyotuchongea baba kwa kipande cha mti, tofauti ni kwamba yetu tuliizungusha kwa kamba na hii huzungushwa kwa vidole, ina pande nne na kila upande una herufi. Hesabu ndizo zilizomfurahisha binti yangu zaidi. Kiebrania ni shesh, sheva, tesha. Sisi sita, saba, tisa. Hizo tatu tulizipata kwa Waarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo mtoto anapopanda ngazi akihesabu nne, tano, sita, sheva, nane, simsahihishi.

Neno lililonipa taabu ni moja tu: Pasaka. Kwa Kiswahili ni la Kutoka Misri na ni la Ufufuko pia, na binamu zake wa Kilifi wanalijua la Ufufuko. Siku hizi nasema Pesach tu. Usiku ule mtoto mdogo mezani ndiye anayeuliza maswali manne, na mwaka huu binti yangu aliyaimba kwa Kiebrania, kisha bila kuambiwa akaugeuza mstari wa kwanza kwa lugha yangu: kwa nini usiku huu ni tofauti na usiku mwingine wote? Mwanamume mzima, baba mkwe wangu, alitoa leso.

Kuna jambo linaloniuma na nitalisema. Katika vitabu vingi tunavyopata, nyanya wa Hanukkah anamenya viazi huku theluji ikianguka dirishani, na ana nywele nyeupe laini. Ni nyanya mzuri, na watoto wangu wanaye mmoja kama huyo. Lakini wanaye mwingine pia. Siku binti yangu aliponiuliza kama kuna Wayahudi wa rangi yake, nilifunga kitabu nikamsimulia kwa mdomo habari za Mbale, Uganda, ng'ambo tu ya mlima Elgon ukitokea kwetu Kenya. Nikamwambia jinsi Semei Kakungulu, shujaa wa vita, alivyosoma Biblia mwenyewe akashika Agano la Kale, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Watu wake wanaitwa Abayudaya. Idi Amin alipiga marufuku ibada yao, wakawa wanasali kwa siri, na mpaka leo wapo, wanaimba zaburi kwa Kiluganda. Aliniomba nirudie sehemu ya kusali kwa siri. Hadithi hiyo sasa inadaiwa kila wiki, na mimi naidai kitabu, chenye picha, cha kuwekwa mkononi mwa mtoto wa miaka 5.

Sasa kibanda. Babu yangu aliishi kwa kushona makuti. Alikaa chini ya mwembe, ufito miguuni, anakunja ukuti mmoja mmoja na kuushona bila kuangalia, na sifa yake kijijini ilikuwa moja: paa la mzee yule halivuji. Fikiria basi nilivyosikia kanuni ya paa la sukkah, yaani kibanda chenyewe. Liwe la kitu kilichoota ardhini na kikakatwa: matawi, mabua, makuti. Kivuli kiwe kingi kuliko jua. Lakini lisizibwe kabisa, kwa maana ukiinua macho usiku inafaa uone nyota. Siku saba unakula humo, unakumbuka watu waliotembea jangwani bila nyumba. Yaani paa ambalo babu angelirudisha kwa mwenyewe na kuomba radhi.

Leo saa saba mchana tulikuwa bado tunapanga mabua, mume wangu juu ya ngazi, mimi nampa, watoto wananing'iniza maboga madogo kwa nyuzi. Simu ikaita. Ni mama yangu. Kilifi ilikuwa saa mbili usiku, ameshakula, yuko barazani. Nikaielekeza kamera juu ili aone kazi yetu.

"Ee mama," akasema, "mmeezeka nini hicho? Mbona naona mbingu? Litavuja hilo."

Kabla sijajibu binti yangu alishaninyang'anya simu. "Hapana, nyanya. Lazima lionyeshe nyota. Ndiyo sheria."

"Nyota gani mchana huu, mjukuu wangu?"

"Za usiku. Na mwezi. Leo ni mwezi mzima." Hilo amelitoa kitabuni: Sukkot huingia usiku wa tarehe 15 ya mwezi mwandamo, kila mwaka mwezi umejaa.

Mama akanyamaza kidogo. Nikamsikia anainuka, mlango wa baraza ukalia, kandambili zikaburuzika kwenye mchanga. Kisha kioo cha simu kikawa cheusi, na katikati ya weusi ule, juu ya minazi ya jirani, pakatokea mwezi, mkubwa, mwekundu kidogo kwa chini.

"Huu hapa," akasema. "Huku umeshatoka."

Binti yangu aliitazama ile simu, akatazama jua letu juu ya mabua, akahesabu jambo kichwani. Halafu akamgeukia baba yake kule juu ya ngazi akapaza sauti.

"Baba, fanya haraka! Kwa nyanya Sukkot imeshaanza!"