Chama chetu cha urithi hakijakua, lakini kazi inasonga

Mwaka nilioshika ukatibu, mkutano wetu mkuu ulishindwa kuanza kwa kukosa akidi. Katiba yetu ilitaka nusu ya wanachama wawepo. Daftarini tulikuwa 34, na ukumbini tulikaa 14 tukiutazama mlango kwa saa nzima. Mwenyekiti akaahirisha mkutano kwa mwezi mmoja, tukakunja viti tukaondoka. Wiki mbili baadaye tulikutana tena, safari hii kumzika mwanachama aliyewajua watu wa picha zetu za zamani kuliko yeyote kati yetu. Picha alizokuwa hajazitaja majina zilibaki hivyo hivyo. Hapo ndipo hofu iliponiingia kweli.

Chama chetu ni kidogo. Hakina mwajiriwa hata mmoja. Tunaazima chumba chenye makabati manne, na ndani yake mna hati za familia, picha, ramani zilizochorwa kwa mkono, magazeti, na kaseti zipatazo 200 za mazungumzo na wazee ambao wengi wao wameshatangulia mbele ya haki. Kwa miaka 12 idadi ya wanachama ilikuwa haijapungua 30 wala kuvuka 36. Kila aliyeingia aliziba pengo la aliyefariki au aliyehama.

Mwaka wa kwanza nilifanya kile ambacho kila katibu mpya hufanya: vipeperushi, mhadhara wa wazi, punguzo la ada kwa vijana. Tulipata wanachama saba. Mwaka uliofuata watano kati yao hawakulipa ada. Nilikuwa nimemaliza jioni zangu zote kuandika mialiko, na pini za chuma zilikuwa zinaendelea kupiga kutu kwenye hati zile zile tulizodai kuzitunza.

Basi nikaamua kuwapigia simu waliotuacha. Si kuwarudisha, bali kuwauliza. Nilizungumza na 19, na nilikuwa nimejiandaa kusikia malalamiko. Hayakuwepo. Mama mmoja aliniambia, kwa upole kabisa: "Mwanangu, nililipa ada miaka sita, na katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kuniomba nishike kitu." Maneno karibu na hayo niliyasikia tena na tena. Walikuwa wamekuja kufanya kazi, sisi tukawapa viti vya kusikilizia taarifa ya mweka hazina.

Kosa lilikuwa letu, watu wanne wa kamati. Kila kazi ilikuwa mikononi mwetu, na tulikuwa tukilalamika kwamba hatuna msaada. Ukweli ni kwamba hatukuwa na kazi ya kumpa mtu. Tulikuwa na mzigo, na mzigo haugawiki mpaka ufunguliwe. Nilikaa siku mbili na daftari nikaandika vipande vya kazi, kila kimoja kikiwa cha saa mbili, chenye mwanzo na mwisho, kinachoweza kufanywa na mtu asiyejua chochote kuhusu chama. Kutoa pini na klipu kwenye faili moja. Kuskani picha 20. Kuhamisha hati za bahasha moja kwenye folda zisizo na asidi, ambayo huila karatasi. Kusikiliza upande mmoja wa kaseti na kuandika kila dakika tano wanazungumzia nini.

Tukatangaza Jumamosi moja kila mwezi, na tukaondoa sharti la uanachama. Hapa kamati ilipinga. Mzee mmoja, mwasisi, aliniuliza: "Sasa mtu akifanya kazi bure bila kulipa, kwa nini alipe?" Swali lilikuwa la haki. Tulikubaliana kwamba kura na uongozi vibaki kwa wanachama, na mlango wa kazi uwe wazi kwa yeyote. Jumamosi ya kwanza walikuja sita. Ya nne walikuja 15, na watatu tu kati yao walikuwa kwenye daftari letu.

Jumamosi zilizowavuta watu zaidi ni zile za picha. Tunazitandaza mezani, tunawaalika wazee, na kijana mmoja huketi na kila mzee akiwa na karatasi na penseli. Majina huandikwa nyuma ya picha kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza, kamwe si kwa kalamu ya wino, kwa sababu wino hupenya na kuchafua upande wa mbele. Wazee wawili wakitofautiana, tunaandika majina yote mawili na nani kasema lipi. Nimemwona bibi akiishika picha kwa dakika nzima bila kusema neno, kisha akamtaja dada yake. Yule kijana aliyekuwa naye hajakosa Jumamosi tangu siku hiyo.

Kaseti zilitusumbua zaidi. Sauti ya kaseti imo katika chembe za sumaku zilizoshikiliwa kwenye utepe kwa gundi, na gundi hiyo huharibika kwa joto na unyevu. Baya zaidi, mashine za kuzichezea zinatoweka. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa tahadhari juu ya kanda za sumaku duniani kote, kwa kuwa wataalamu walikadiria kwamba kufikia karibu mwaka 2025 ukosefu wa mashine na vipuri ungezifanya kanda hizo zisisikilizike tena. Tulipoisoma, tukasitisha kila kitu kingine kwa miezi minane. Tulizihamishia kwenye kompyuta, tukianza na kaseti za wazee waliokuwa hawajahojiwa na mtu mwingine yeyote. Kuandika neno kwa neno tulijaribu tukaacha, maana saa moja ya sauti ilitugharimu saa sita za kazi. Muhtasari wa dakika tano tano unatosha kumwelekeza mtafiti, na sauti yenyewe ipo.

Kila faili la kompyuta sasa lina nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na nakala moja hukaa jengo jingine. Picha tunaziskani kwa nukta 600 kwa inchi na kuzihifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Kwa watu walio hai tunaomba idhini ya maandishi kabla ya kumsikilizisha mtu yeyote, na kuna mazungumzo mawili ambayo familia zimetuomba tuyafunge kwa miaka 20. Tumeyafunga.

Kuhusu fedha sina mengi. Ada inalipia folda, masanduku na betri. Tuliwahi kuomba ruzuku kubwa na nashukuru tuliikosa, kwa sababu masharti ya taarifa zake yangehitaji mtu wa kudumu, na mtu huyo hatuna.

Jambo lililonipa usingizi ni jingine. Katiba yetu haikusema chochote kuhusu chama kikifa. Nilipolileta kwenye kamati, wengine waliona ni uchuro. Nikawaambia kwamba chama cha watu 30 kinaweza kuzimika kwa misiba mitatu na uhamisho mmoja, na siku hiyo makabati yatakuwa ya mwenye chumba. Mazungumzo yalichukua mwaka. Mwishowe tuliongeza kifungu kwamba chama kikivunjika, kila kilichomo kiende maktaba ya umma, na maktaba ikatia saini makubaliano ya kuvipokea. Ilitupa masharti mazuri kwetu: orodha kamili, namba kwenye kila sanduku, na uthibitisho wa nani alitupa nini. Kuitengeneza orodha hiyo kukawa kazi ya Jumamosi 11.

Katika mkutano huo huo ulioongeza kifungu tulishusha akidi kuwa theluthi moja, na tukaweka ukomo wa miaka mitatu kwa kila cheo. Kila ufunguo na kila nywila sasa viko kwa watu wawili. Nilipoanza, orodha ya watoa hati ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja tu, mzee mwenye umri wa miaka 81, naye alikuwa tayari kuisema yote. Ilitubidi tu kwenda kwake mara nne na daftari.

Mwaka huu daftari lina wanachama 33. Waliokuja angalau Jumamosi moja ni 58. Kaseti 141 zimeshahamishwa, na zilizobaki ziko kwenye sanduku la juu kabisa upande wa kushoto. Muda wangu wa ukatibu umekwisha mwezi uliopita. Anayenipokea ni yule kijana aliyekaa na bibi mwenye picha ya dada yake, na ameomba tuanze na ramani, kwa sababu zimekunjwa na mikunjo inakatika.