Mchwa alikuwa darini, sisi tukamwaga dawa kwenye msingi

Karibu mwaka mzima tulimwaga pesa ardhini wakati mdudu yuko juu ya vichwa vyetu. Bado naumia nikikumbuka, maana mafundi watatu waliingia nyumbani kwa mama hapa Tanga na hakuna hata mmoja aliyeomba ngazi.

Mama ndiye aliyeanza kuona. Kila akifuta vumbi juu ya kabati la chumbani, kesho yake anakuta vichenga vya kahawia, kama mchanga mnene wa ufukweni. Fundi wa kwanza akamwambia, "Mama, nyumba ya zamani hii, ni vumbi la mbao tu." Wa pili alipotajiwa mchwa akachimba mtaro kuzunguka nyumba na kumwaga dawa. Laki mbili na kitu zikaenda. Wa tatu akapaka fremu zote za milango oili chafu iliyochanganywa na mafuta ya taa. Nyumba ikanuka gereji, mama kifua kikambana, akahamia kwa dada yangu zaidi ya wiki. Aliporudi, vichenga vipo palepale.

Hapo nikaamua kuangalia mwenyewe. Nilichukua kalenda ya zamani, nikatandika kurasa zake upande mweupe juu ya kabati na sakafuni, nikalala. Asubuhi kulikuwa na kijilima kimoja kidogo, kimesimama kama pishi ya mtama iliyomwagwa taratibu. Nikapanda kwenye stuli, nikainua macho kutoka kwenye kile kijilima moja kwa moja hadi juu. Kwenye ubao wa dari palikuwa na kitundu ambacho hata njiti ya kiberiti ingepita kwa shida. Kumbe wadudu wanakifungua, wanasukuma uchafu wao nje, kisha wanakiziba tena.

Nikaweka vile vichenga kwenye karatasi, nikavipiga picha na simu na kuikuza. Kila kimoja kina pande sita, kama kipande kifupi cha penseli. Hicho ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Mchwa wa ardhini haachi kitu cha namna hiyo. Yeye utamjua kwa njia za udongo anazojenga kupanda ukutani, kwa sababu anahitaji unyevu wa chini. Huyu wetu huzaliwa, hula na kufa ndani ya mbao bila kugusa udongo. Dawa ya msingi ingemfikia kwa njia gani?

Ndipo nikakumbuka vuli iliyopita, mabawa yaliyolundikana dirishani. Jirani alituambia ni kumbikumbi wamefuata taa. Lakini mama hulala taa imezimwa, na dirisha lina wavu mzima. Walikuwa wanatoka ndani, wanatafuta pa kutokea.

Na unga laini kama wa ngano usiufananishe na vichenga hivi. Fremu ya jikoni ilikuwa nao, pamoja na matundu ya mviringo kwenye ule ukingo mweupe wa mninga. Huo ni unga wa wadudu wengine kabisa wanaobungua mbao. Kiini chekundu hawakukigusa.

Darini niligonga kila kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kwa mpini wa bisibisi. Nzima inajibu kwa sauti kavu, iliyoliwa inajibu kama boksi tupu. Ya pili kutoka ukutani nilipoichoma, bisibisi ilizama hadi kwenye mpini. Ndani kulikuwa na vyumba laini kama vimepigwa msasa, havina hata chembe ya udongo.

Seremala kijana wa mtaani alibadilisha kenchi mbili na papi nne, zile mbao za kupigilia bati, kwa mbao zenye dawa, nyingine tukazidunga dawa kwa sindano kwenye matundu. Yote kama laki sita. Jirani aliziomba zile mbao kwa banda la kuku, nikakataa, nikazichoma uani, maana ningempelekea mchwa kwake.

Wiki mbili za mwanzo vichenga vilidondoka tena, moyo ukanipasuka. Kumbe ni vya zamani vilivyobaki kwenye matundu, mlango ukibamizwa vinamwagika. Vikapungua, vikakoma. Mama hajaiondoa ile karatasi. Kila Ijumaa nikienda ananishika mkono hadi chumbani, anaishusha, anaikung'uta mbele yangu.

"Umeona?" ananiuliza. Haidondoki hata chembe.