Kosa lenye kanuni

Tanga, Jumapili usiku

Wiki hii ninaye mpwa wangu wa miaka minne hapa Makorora, mama yake yuko Korogwe kikazi. Kila anapokosea jibu namheshimu zaidi. Nataka kuandika kwa nini.

Jana nilitoa machungwa ya Muheza kwenye ungo nikayapanga mkekani mistari miwili, sita huku, sita kule, yakitazamana. Nikamuuliza ni ya nani mengi. "Sawasawa, mamdogo." Nikayaachanisha yangu, mstari ukawa mrefu. "Sasa yako mengi." Tukahesabu kwa kidole. Sita. Sita. "Lakini yako mengi," akasema, akinitazama kama mtu anayenihurumia kwa kutoona jambo lililo wazi.

Uhakika wa namna ile ndio uliomvuta Jean Piaget, mwanasaikolojia aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri. Mnamo 1920 Mswisi huyu alikuwa Paris akiwapima watoto wa shule kwa maswali ya akili. Kilichotakiwa kwake ni majibu sahihi. Yeye akaona kwamba watoto wa umri mmoja wanakosea kwa namna moja, na hapo akapata kazi ya maisha yake yote, hadi alipofariki 1980. Kwa maelezo yake, mtoto wa kati ya miaka 2 na 7 hivi hushikwa na kile kinachoonekana zaidi, yaani urefu wa mstari, na bado hawezi kuuweka pamoja na zile nafasi zilizoachwa katikati.

Walimkosoa baadaye, na naona walikuwa na haki. Miaka ya 1970 huko Uskoti, wanasaikolojia James McGarrigle na Margaret Donaldson walifanya mstari uvurugwe na mwanasesere mtukutu badala ya mtu mzima, na watoto wengi zaidi wakajibu sahihi. Kwetu hapa hilo linaeleweka upesi. Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo anajua kwamba mkubwa akirudia swali lile lile, basi jibu la kwanza halikumridhisha. Labda mpwa wangu alikuwa ananisoma mimi kuliko machungwa.

Ila kwenye lugha ndiko ninakostaajabu zaidi. Asubuhi anataka kusafisha "majino". Humu ndani hakuna anayesema hivyo, sote tunasema meno. Amelitoa wapi? Kwenye jina na majina, jani na majani. Amekusanya maneno ya watu, akachimbua kanuni, akaipeleka mahali ambapo Kiswahili chenyewe hakiipeleki. Ndivyo pia anavyosema "sikukula", kwa kuwa masikio yake yamezoea nimekula na nitakula. Mwaka 1958 Jean Berko, mtafiti wa lugha wa Marekani, aliwaonyesha watoto picha ya kidudu alichokipa jina la kubuni, kisha picha ya viwili. Watoto wakaunda wingi wa jina lile bila shida, ingawa hawakuwahi kulisikia popote. Basi mimi simkatizi. Namwambia, "Haya, twende tukasafishe meno," nasi tunakwenda. Lile neno sahihi atalisikia mara nyingi, na siku yake ikifika atalichukua mwenyewe.

Anaongea peke yake pia. Akijenga nyumba kwa vifuu na vijiti anajipa amri: "Hiki hapa. Hapana, kitaanguka. Kwanza kile." Jirani yetu, mama mtu mzima, aliniuliza kwa wasiwasi mtoto anazungumza na nani. Nikamjibu, "Anafikiri kwa sauti, bibi." Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki 1934 akiwa na miaka 37 tu, alieleza kwamba maneno tunayopokea kwa watu tunaanza kuyatumia kujiongoza wenyewe, kwanza kwa sauti, baadaye kimoyomoyo. Ukimsikiliza vizuri huyu wangu unamsikia mama yake mle ndani, hata ile "polepoleee" yake ya kuvuta.

Ndiyo maana niliumia kuona daftari la mtoto mmoja wa mtaani, kutoka shule fulani ya awali: ukurasa mzima wa herufi moja, na alama ya X kwa wino mwekundu karibu kila mstari. Ana miaka mitatu! Vidole vya umri ule vinataka udongo na mchanga. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa 2021, inataja mambo matano: afya, lishe, ulinzi na usalama, ujifunzaji wa awali, na malezi yenye mwitikio. Kilo na chanjo tunaulizana kila siku barazani, na ni vizuri. Mwitikio, yaani mtoto aseme na mkubwa amjibu kile alichokisema, hauulizwi na mtu.

Usiku ndio mgumu. Siku mama yake alipoondoka alilia sana, na watu wakamwambia, "Nyamaza, mwanaume halii." Nilimbeba nikamwambia, "Umemkumbuka mama. Atarudi Jumatatu." Mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliyatazama haya hapa hapa Afrika Mashariki, mwaka 1954 na 1955, akizitembelea familia 26 za Waganda vijijini karibu na Kampala. Aliona jinsi mtoto anavyotambaa kwenda mbali, akigeuka kumwangalia mama, kisha akiendelea na safari yake. Uhakika wa kwamba mama yupo ndio unaompa mtoto ujasiri wa kwenda. Kwa hiyo sikubali mtu aniambie kwamba kulilia mama ni kudeka.

Baadaye, huko Baltimore, Marekani, Ainsworth aliona kwamba kuliko kilio cha kuachwa, kinachoeleza mengi zaidi ni namna mtoto anavyompokea mama akirudi. Wapo wanaokimbilia kifuani, wapo wanaogeuza uso. Dada anafika kesho kwa basi la mchana. Nimeshampigia simu: akinuniwa asiseme "kumbe hunipendi", akae chini mkekani, amwache aje mwenyewe.