Nilivyopata kwiki kapula ya eskaveta yangu baada ya kupotezewa milioni tatu na nusu

"Mkuu, mashine za tani 20 zote ni pini za milimita 80. Beba hii, itaingia." Maneno hayo niliambiwa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nikiuziwa kwiki kapula, kifaa kinachokaa kati ya mkono wa eskaveta na baketi ili ubadilishe vifaa haraka, na mpaka leo nikiyakumbuka nakasirika.

Nina eskaveta iliyotumika, Komatsu PC200 ya tani 20. Tulikuwa na kazi ya mitaro ya mabomba ya maji Dodoma, na aliyechimba Dodoma anajua: mita kumi za udongo, mara unagonga jabali. Baketi inatoka, breka (nyundo ya kupasulia mawe) inaingia. Jabali likipasuka, breka inatoka, baketi inarudi. Kila mara ni nyundo kubwa, kipande cha shafti cha kusukumia, na pini iliyokauka grisi haitaki kutoka. Dakika 40, siku mbaya saa nzima, na kwa siku tunabadilisha mara tatu au nne.

Basi nikanunua ile kapula ya mtumba, ya kukaza kwa skrubu, shilingi milioni tatu na nusu hivi. Pini za 80 ziliingia kweli. Lakini masikio ya kapula yalikuwa mapana kuliko kichwa cha mkono wa mashine yangu, yakawa yanacheza huku na huku. Fundi akasema tuweke washa nene (pete za chuma) pande zote mbili. Tukaweka. Chini, ndoano ya mbele ikashika pini ya baketi vizuri, ila pini ya nyuma ilikuwa mbali mno. Skrubu tuliizungusha hadi mwisho, ulimi wa kapula ukaigusa kwa ncha tu. Opereta wangu, mzee aliyekaa kwenye mitambo tangu mimi niko shule, aliitazama akasema, "Bosi, hii sijaipenda." Nikamwambia tujaribu.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, alikunja baketi iliyojaa mawe akaanza kuinua. Nikasikia mlio kama chuma kinachopigwa mara moja. Pini ya nyuma ilichomoka, baketi ikabembea ikining'inia kwa ndoano moja ya mbele, mawe yote yakamwagika mtaroni. Kijana wa kupima kina alikuwa ametoka humo muda mfupi tu uliopita, ngazi yake bado imesimama. Mzee alizima injini, akashuka, hakusema neno. Kapula ile tuliifungua jioni ileile.

Tangu hapo sinunui kitu kwa jina la mashine. Nilichukua venia (kipimo cha unene) na futi nikapima vitu vinne: unene wa pini, upana wa kichwa cha mkono, nafasi kati ya masikio ya baketi, na umbali wa pini hadi pini. Hilo la mwisho ndilo linalowapoteza wengi, kwa sababu wanahangaika kutafuta katikati ya pini kwa macho. Usitafute katikati. Kama pini zina unene sawa, pima kutoka ukingo wa kulia wa pini moja hadi ukingo wa kulia wa nyingine, na hicho ndicho kipimo chenyewe. Halafu nikakata ubao wa plaiwudi wenye matundu mawili kwa vipimo vya baketi kubwa, nikaupeleka kwenye baketi nyembamba: sawa. Kwenye breka: haukuingia! Bamba la kuishikia lilichomelewa mtaani, na umbali wa pini ulizidi kwa milimita 12. Bila ubao ule ningekosea mara ya pili.

Safari hii nilitaka kapula ya haidroliki, ya kuendeshwa kwa presha ya mafuta, inayoshika pini kwa nafasi ya kurekebika, yenye valvu ya kuzuia mafuta yasirudi mpira wa mafuta ukipasuka, na kufuli ya pili ya chuma isiyotegemea presha. Ukinunua mpya, uliza kama inafuata ISO 13031, kiwango cha usalama wa kapula. Swichi ya kabini iwe ya hatua mbili na king'ora, mkono usije ukaigusa kwa bahati mbaya. Fundi mmoja alitaka kunyonya mafuta ya kapula kutoka laini ya breka, nikakataa. Laini hiyo ina presha pale tu unapokanyaga pedali.

Pamoja na mipira na kazi haikufika milioni tisa. Usidanganywe kwamba hupotezi kitu: kapula ina uzito wake, na inasogeza meno ya baketi mbali zaidi na mkono, kwa hiyo nguvu ya kung'oa inapungua. Baketi kubwa sasa naitumia kwenye udongo laini tu. Mipira ya breka pia bado tunaifunga kwa mkono.

Baketi kwa baketi ni dakika mbili. Kila ikibadilishwa, mzee anaishusha karibu na ardhi, anakandamiza meno chini, anavuta kuelekea kwake, anaitikisa mara tatu. Kisha kijana anasogea kutazama kufuli tuliyoipaka rangi nyekundu, ananyanyua kidole gumba, ndipo kazi inaanza.