Joto la Novemba katika Shamba la Zabibu

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, nazo kwa kawaida hazianzi kabla ya mwishoni mwa Novemba, hivyo wiki zinazozitangulia ndizo zenye joto kali kuliko zote za mwaka. Mwaka huu zimezidi. Ifikapo saa nne asubuhi, udongo wa kichanga wa shamba langu dogo la Hombolo haukanyagiki kwa mguu mtupu, na upepo wa mashariki, ambao miezi mingine huwa faraja, sasa kazi yake ni kukausha majani tu. Ubaya ni kwamba joto hili linaikuta mizabibu wakati ambao haina ngao. Sisi huku huvuna mara mbili kwa mwaka, na mashina yaliyopogolewa baada ya mavuno ya Agosti na Septemba ndiyo kwanza yana punje changa za kijani, zinazotarajiwa kuiva Februari au Machi.

Kazi iliyo ngumu zaidi siku hizi ni kujizuia. Mtu akiona majani yamelegea saa nane mchana, mkono unakwenda wenyewe kwenye mpira wa maji. Lakini jani la mzabibu likipata joto linalozidi nyuzi 35 hivi hufunga vitundu vyake vya kupumulia ili lisipoteze maji, na utengenezaji wa chakula hupungua sana, kwa hiyo kulegea kwake mchana si lazima kuwe ni kiu. Mimi hungoja. Majani yakiwa yamesimama tena baada ya jua kuzama, nayaacha. Yakikutwa bado yamelegea alfajiri, hapo ndipo ninafungua maji, tena mengi, yazame mpaka kwenye mizizi ya chini, kisha siligusi shina hilo kwa siku kadhaa. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku kuna hasara nyingine ambayo watu wa huku wanaijua vizuri: maji ya visima vyetu vingi yana chumvi. Yakimwagwa juu juu, jua huyanyonya na kuacha utando mweupe kuzunguka shina, unaomeguka ukiugusa, na ukilamba kidole hicho hutahitaji maabara. Yakirushwa juu ya majani ndiyo balaa zaidi, kwani kingo za jani hukauka na kuwa kahawia.

Kijana anayenisaidia alizoea kunyonyoa majani yanayofunika vishada ili hewa ipite, jambo ambalo ni sahihi kabisa wakati wa mvua. Wiki iliyopita mzee jirani yangu, ambaye alianza kulima zabibu nikiwa bado sijazaliwa, alimkuta katikati ya mstari.

“Mjukuu wangu,” alimwambia, “hayo ya upande wa magharibi yaache. Jua la asubuhi halina neno, la alasiri ndilo linaloua.”

“Nimekusikia, babu,” akajibu, akashuka upande wa pili.

Mzee hakukosea. Punje iliyo wazi juani hupata joto kuliko hewa iliyoizunguka, wakati mwingine kwa nyuzi 10 au zaidi, na jua la alasiri linaifikia wakati hewa yenyewe tayari imeshachemka. Mstari wa mwisho una vishada vichache vilivyobaki bila kivuli: ngozi ya punje upande mmoja imegeuka kahawia na kubonyea, na upande wa pili bado ni kijani kibichi. Punje za namna hiyo hazijazi tena. Salfa ya unga, tunayoitumia dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaofunika majani na punje kama unga mweupe, nayo nimeiweka kando, maana joto likipita nyuzi 32 hivi huweza kuunguza majani na punje pamoja.

Bustani ya mboga ina hadithi fupi. Nyanya zimetoa maua na kuyaangusha, kwa sababu chavua haifanyi kazi vizuri katika joto hili, na hakuna mbolea itakayobadilisha hilo. Bamia na mlenda, kwa upande wao, hazina habari. Si ajabu Wagogo wanauthamini mlenda namna ile. Nimetandaza nyasi kavu chini ya nyanya na ya mizabibu michanga, ingawa huku matandazo yana gharama yake, nayo ni mchwa. Ninaziacha nyasi mbali kidogo na shina, upana wa kiganja, na asubuhi ninazifunua ili kukagua vijia vyao vya udongo.

Mvua ikinyesha, mambo yote yatageuka. Majani ninayoyalinda leo nitayapunguza mwenyewe, kwa kuwa unyevu ukikutana na joto huleta ubwirivinyoya, ugonjwa mwingine wa ukungu, ambao ukiachiwa unaweza kumaliza shamba zima. Mrututu (chumvi ya shaba) na chokaa, vya kuchanganya dawa ya kuuzuia, nimeshavinunua na viko stoo. Zamu yangu ya maji ya kisima ni keshokutwa alfajiri. Mvua ikitangulia, nitampisha jirani aitumie.