Jua liliweka nini?

Jumapili, usiku.

Leo nimeshinda mezani na mtoto wa dada yangu, tangu tulipomaliza chakula cha mchana mpaka majirani wakaanza kuwasha taa, na yote hayo kwa sababu ya neno moja la Kiingereza lenye herufi tatu. Naandika kabla sijalala. Nikiliacha mpaka kesho nusu yake itakuwa imenitoka.

Yuko kidato cha kwanza. Miaka saba ya shule ya msingi alisoma hesabu kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, kila kitu kwa Kiswahili, halafu Januari akaingia darasa ambalo karibu kila somo ni Kiingereza. Wengi wetu tumepita kwenye daraja hilo na tunajua linavyoyumba. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, ghafla anakaa kimya, anaangalia daftari. Dada aliponiletea akae kwangu alisema, "Huyu siku hizi hasemi." Nimemwona mwenyewe. Anasema sana, ila siyo akiwa na vitabu vya shule mbele yake.

Kazi waliyopewa ilikuwa kusoma kisa kifupi na kukieleza kwa Kiswahili. Sentensi ya kwanza: "The sun had set when Mother set the pot on the fire." Yeye akaandika: "Jua lilikuwa limeweka wakati mama alipoweka sufuria kwenye moto." Akaitazama muda mrefu, akaja nilipokuwa nakunja nguo.

"Mama mdogo, jua liliweka nini?"

Swali hilo limenikaa siku nzima. Ni swali la mtu mwenye akili. Anajua, bila kufundishwa na mtu yeyote, kwamba ukisema kuweka lazima kuwe na kitu kinachowekwa, kwa hiyo kama jua liliweka, basi kuna kitu kiliwekwa na hadithi imekificha. Nikafungua daftari lake la msamiati. Set, weka. Mstari mmoja, neno moja, maana moja, na chini yake mengine arobaini kwa mpangilio uleule.

Nami niliwahi kuwa na daftari kama hilo. Siku moja, nikiwa na umri kama wake, niliulizwa mbele ya darasa maana ya "set" katika sentensi ya kitabu, nikajibu "weka" kwa sauti, kwa uhakika, maana ndivyo nilivyoandikiwa. Haikuwa weka. Nilisimamishwa mpaka kipindi kikaisha. Miguu ilipona palepale nilipokaa. Kilichobaki ni imani kwamba Kiingereza ni cha watu waliozaliwa na vichwa vya aina nyingine, na imani hiyo niliibeba miaka mingi. Sitaki aibebe huyu.

Kwa hiyo sikumpa jibu. Nikamuuliza, jioni jua linafanya nini?

"Linazama."

Lingine?

"Linatua."

Na nani mwingine anatua? Hapo akachangamka. Ndege anatua mtini. Ndege ya abiria inatua uwanjani. Nzi anatua kwenye chakula. Mtu akitoka kisimani anatua ndoo. Akafika mpaka kwenye moyo, kwamba moyo nao hutulia, na mtoto mwenye fujo huambiwa atulie. Nikamwambia, sasa hapo umezunguka na neno moja kutoka angani mpaka kisimani mpaka moyoni, na hukupotea hata mara moja. Mgeni akija na daftari lake limeandikwa "tua, land", akasikia mtu ametua ndoo, atauliza kama ndoo ilikuwa na mabawa.

Akacheka. Kisha akafuta "limeweka", akaandika "limetua".

Tukabaki na sufuria. "Mama aliweka sufuria kwenye moto" si kosa, lakini nilimuuliza bibi yake angesemaje. Akafikiri. "Bibi anasema aliteleka." Ndiyo, na nyanya yangu mimi alikuwa anasema aliinjika. Kiswahili kina kitenzi kizima kwa ajili ya kupandisha chombo jikoni, na kingine, kuipua, kwa ajili ya kukishusha. Mwingereza hana, anatumia "set" yake ileile aliyoitumia kwa jua.

Hapo nikaona raha ya kazi yenyewe, tukaanza kutafuta. Kila mahali ambapo Mwingereza anasema "set", sisi tunasema nini? Mtego tunatega. Alamu ya simu tunategesha. Tanga la jahazi tunatweka. Mtihani tunatunga. Akiba tunaitenga pembeni. Meza tunaitandika. Kuku anaatamishwa juu ya mayai. Bei inapangwa. Safari inafungwa. Akagundua yeye, si mimi, kwamba mengi yanaanza na herufi t: tua, teleka, tega, tweka, tunga, tenga, tandika. Nadhani ni bahati tu, lakini alifurahi kana kwamba amefumania siri, akayapigia mstari yote kwa kalamu nyekundu.

Kisha nikamgeuzia. Kuna neno letu ambalo Mwingereza angehitaji gunia zima la maneno kulieleza? Hakusita: piga. Unapiga simu, unapiga pasi, unapiga picha, unapiga mswaki, unapiga magoti, unapiga kura, unapiga chafya, unapiga hodi, unapiga deki, na katika hayo yote hakuna aliyeumizwa. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Kumbe na sisi tunayo." Nilitamani dada angekuwepo amsikie.

Saa kumi hivi tulitoka nje kupumzika. Kwa jirani wanajenga baraza, na fundi alikuwa anamalizia kusawazisha zege alilomwaga asubuhi. Mtoto akamwamkia, "Shikamoo, fundi." Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Mtoto akauliza lini litakauka ili watu wapite.

"Zege halikauki, binti," akasema. "Zege linashika. Hili limeshaanza kushika. Kesho asubuhi utaniona naja kulimwagia maji, na keshokutwa, siku saba. Ukiliacha likauke upesi, limekufa."

Nilisimama pale nikiwa sina la kuongeza. Fundi yule, ambaye sijawahi kumsikia akisema neno la Kiingereza zaidi ya majina ya vifaa, alikuwa ametofautisha kitu ambacho nisingeweza kukitofautisha vizuri hivyo. Saruji haiwi ngumu kwa kupoteza maji. Inakuwa ngumu kwa sababu inaungana na maji, na ndiyo maana inamwagiwa. Ni tendo jingine kabisa na nguo kukauka kwenye kamba. Na Mwingereza naye analiona hivyohivyo: nguo zinakauka kwa neno lake la kukauka, lakini zege, jeli na plasta vina-"set". Nilipomwambia mtoto, macho yakamtoka. "Kwa hiyo set ni kushika pia?" Pia. Na kushika kwenyewe? Tukarudi ndani tukikuhesabu: kushika njia, kushika mimba, kushika dini, moto kushika kuni, rangi kushika kitambaa, somo kushika kichwani, mtu kushikwa na homa. Na ile shikamoo aliyomwamkia fundi, kama tulivyofundishwa, ni kushika miguu ya mkubwa.

Jioni nilimsimulia habari za wale watu wa kamusi ya Oxford, kwa sababu nilitaka ajue kwamba hata wenye lugha yao waliumwa kichwa. James Murray alipopewa kuhariri kamusi kubwa ya Kiingereza mwaka 1879, alifanyia kazi ndani ya kibanda cha mabati. Humo alijaza vijisanduku vya ukutani, na ndani ya vijisanduku akapanga vipande vya karatasi. Watu wa kawaida walijitolea kusoma vitabu, wakikuta neno limetumika kwa namna ya kuvutia wanainakili sentensi nzima na kumpelekea kwa posta. Murray alifariki mwaka 1915 kazi haijaisha. Iliisha 1928. Katika toleo la pili la 1989, lenye juzuu 20, kitenzi "set" ndicho kilichokuwa na maelezo marefu kuliko neno jingine lolote: maana 430, na maelezo ya maneno kama 60,000 hivi. Baadaye kitenzi "run" kikakipita. Mhariri Peter Gilliver alikaa nacho zaidi ya miezi tisa, akatoka na maana 645.

Mtoto akauliza nani anazijua zote 645. Hakuna, nadhani. Lakini lililonigusa mimi katika habari hiyo ni vile vipande vya karatasi. Watu wale hawakutuma maana. Walituma sentensi. Maana zilikuja baadaye, sentensi zilipowekwa pamoja na mtu akakaa akazitazama zinavyojipanga zenyewe. Daftari la mtoto wetu limefanya kinyume chake: limempa maana kwanza, likamnyima sentensi.

Tukageuza daftari upande wa nyuma tukaanza upya. Juu ya ukurasa ameandika SET, chini hakuna tafsiri, kuna sentensi tu, na kila moja na Kiswahili chake.

Jambo moja zaidi nililomwonyesha, na hili nalipenda mwenyewe. "Set" ni mtoto wa "sit". Zamani sana lilikuwa na maana ya kumfanya mtu au kitu kikae. Nikamwandikia: keti, ketisha. Kisha lala, laza, na pembeni "lie, lay". Kisha anguka, angusha, na pembeni "fall, fell", kama mtu anavyoangusha mti. Kiingereza nacho kilikuwa na njia yake ya kutengeneza vitenzi vya namna hiyo, ila imekufa siku nyingi, yamebaki maneno machache kama mifupa. Yetu ingali hai. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kusema "nilishe" na "nivalishe" bila kujua kwamba kuna jambo la ajabu amefanya. Mtoto aliitazama ile jozi ya kwanza akasema polepole, "Jua limeenda kukaa." Sikumsahihisha. Sioni cha kusahihisha.

Kuhusu seti ya vyombo, ile iliyoko kabatini, na seti wanazochora kwenye hesabu, nilimwambia kwa kifupi tu kwamba hilo lina asili nyingine, limepitia Kifaransa kutoka neno la Kilatini lililohusu kundi la wafuasi. Maneno mawili yamekutana njiani yakaanza kuvaa nguo moja. Akasema ni kama kaa: kaa la moto, kaa wa baharini, na kaa kitako. Nilikuwa natafuta mfano, yeye alikuwa nao tayari.

Nimekuwa nikijiuliza usiku huu ni watoto wangapi wamekaa na jibu kama hilo mdomoni, na hakuna aliyewauliza. Walimu siwalaumu wote. Darasa la watoto themanini halina nafasi ya kutua na kushika. Lakini inaniuma kwamba mtoto huyu aliamini hajui kitu, wakati kila siku kinywani mwake kuna maneno yanayogeuka mara kumi, naye anayafuata bila kujikwaa. Aliambiwa asome Kiingereza kama orodha ya bei za dukani. Kiswahili chake hakuna aliyemfundisha hivyo. Alifundishwa na sufuria, na ndoo, na bibi.

Kabla ya kulala aliniomba nimtegeshee simu iite saa kumi na moja. Nikamuuliza ana haraka gani, shule si mbali. Akasema anataka kumuwahi fundi, amwage yeye maji kwenye baraza kabla hajavaa sare. Ameshaomba ruhusa kwa jirani.

Daftari ameliacha wazi hapa mezani. Ukurasa wa nyuma una sentensi sita. Ya sita hatukuiandika pamoja: "The cement is setting." Na chini yake, kwa kalamu nyekundu: Zege linashika.