Boksi langu la tatu pale Bangwe ndo limedumu

Naishi Kigoma mjini, Mwanga, na tangu mwaka jana nimenogewa na mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa, wenyewe wanauita letaboksi. Unaficha kopo lenye daftari na muhuri uliouchonga mwenyewe, unatunga fumbo la njia, atakayelipata anagonga muhuri wake kwenye daftari lako na wa kwako kwenye daftari lake, halafu analirudisha palepale. Hakuna hela hakuna zawadi, unaondoka na ile alama tu. Ulianzia Dartmoor kule Uingereza mwaka 1854, mwongoza wageni James Perrott aliacha chupa sehemu inaitwa Cranmere Pool ili wanaofika waweke kadi zao. GPS haihitajiki, ni miguu na fumbo, nikasema huu mbona wetu kabisa, sisi tumekulia vitendawili.

Kwenye muhuri ndo nilikaa sana. Nilinunua raba ya kufutia ile nyeupe kubwa, nikachora mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika hapa kwetu, kwa penseli kwenye karatasi, nikailaza karatasi kifudifudi juu ya raba nikasugua kwa ukucha mpaka mchoro ukahamia umegeuka, hapo ukichonga kwa wembe na kugonga unatoka sawasawa, la sivyo hasa maandishi yanatoka kinyumenyume. Na wembe uulaze, mstari ubaki na kitako kipana chini, ukichimba kuingia ndani yake mapezi yanang'oka, mimi yaling'oka mawili.

Boksi la kwanza nilitumia kopo la siagi ya karanga, niliosha kweli ila harufu haikutoka, panya wakatoboa mfuniko wakala daftari nusu. La pili kopo jipya, mfuniko wa kukaza, wiki tatu tu halipo. Kumbe kuna watu waliniona jioni nachimbachimba kwenye mawe wakajua mtu anafukia dawa, wakalichoma moto. Aisee niliumia, ila nikiwaza na mimi ningemwona mtu gizani anafukia kopo karibu na kwangu ningelala kweli?

Kwahiyo la tatu nikaenda mchana kweupe, kwa mzee mwenye shamba pale karibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba baba. Ni wewe unayefukia vitu hapa?"

Nikakaa chini nikamtolea kimoja kimoja, daftari, kidau cha wino, muhuri, nikagonga kwenye kiganja changu. Akauvuta mkono akaangalia muda mrefu, "Huyu si mgebuka huyu!" Akachovya dole gumba kwenye wino akaligandamiza ukurasa wa kwanza, halafu akanyanyuka kunionyesha penye kufaa, maana pale pangu pa zamani masika maji yanapita yote. Na majirani akawaambia mwenyewe, mimi sikuongea na mtu mwingine.

Fumbo nikaliandika upya: "Piga hodi kwanza. Lipe ziwa mgongo, panda hatua arobaini, yaulize mawe pacha."

Mvua zote zimepita daftari kavu. Juzi nimelifungua nikakuta muhuri mgeni, mtumbwi, umechongwa kwenye kandambili maana vile vitundu vya soli vinaonekana kabisa kwenye wino, na chini mtu kaandika kwa peni nyekundu: nimetoka Ujiji kwa miguu, mzee kanipa maji.